Kompyuta Iliyomtoa Risper

Kaburi lilikuwa limechimbwa Macalder asubuhi ile, na kwao kina Joash kaburi likishachimbwa halilali wazi. Sasa alikuwa Homa Bay, kwenye mochari ya mtu binafsi, akiambiwa kwamba mkewe ameshachukuliwa.

"Na nani?"

"Na wenyewe," alisema meneja Mochama bila kuinua kichwa. "Kompyuta imesema. Emmah, trei ya nne, ametolewa jana."

"Mke wangu ni Risper!"

"Mzee, mashine haina ugomvi na wewe."

Joash aliisogelea meza. Shule aliiacha darasa la tatu, lakini wakubwa aliwajua. Ndio waliomwacha Risper kwenye benchi la wodi mpaka pumzi ikamwisha, wao wakinywa chai.

"Kwani shida iko wapi?" Mochama aliendelea. "Si nyinyi Wajaluo mtu akipotea mnazika tunda la yago badala yake? Zikeni yago, kaburi lijae."

Mashemeji wawili waliokuja na jeneza waliinuka. Joash alikuwa ameshakunja mikono ya shati wakati Cephas, fundi wa kompyuta, alipotoka mbio chumba cha nyuma.

"Baba, ngoja. Acha niiulize kuhusu mtu mwingine."

"Iulize kuhusu huyu mkubwa wako."

Cephas akaandika: Mochama. Kioo kikajibu: Emmah, trei ya nne, ametolewa.

"Kumbe wewe nawe ni maiti," Joash alimwambia meneja. "Ndiyo maana huna roho."

Cephas alijikuna kichwa. "Programu hii ni vipande viwili. Kimoja kinauliza, kingine kinatafuta. Jibu likiwa namba moja tu, linapitia kwenye rejista, kishubaka kidogo ndani ya mashine, kama kupeana kitu mkononi. Lakini rekodi ya marehemu ni furushi: jina, trei, hali yake. Mkononi halienei. Kwa hiyo muulizaji anatenga nafasi kwenye kumbukumbu, anasema tua hapa. Huyu mtafutaji ana desturi nyingine. Analitua kwenye kona yake, kisha anataja kona. Muulizaji hana habari hiyo. Anachungulia pale alipopatenga, anakuta mabaki ya jana, yule Emmah."

"Na jana ilikuwa sawa?"

"Mpaka jioni. Ndipo kipande cha kutafuta kikabadilishwa."

"Na nani?"

Cephas akamtazama Mochama.

"Alichoandika binamu yangu kina kasi zaidi," meneja alifoka. "Na wewe fundi, funga mdomo!"

"Nilikuambia vyote viwili vitengenezwe upya pamoja, bosi. Ukakataa."

"Kwa hiyo mke wangu yumo ndani?" Joash aliuliza.

"Mashine haijui, Baba. Twende tukaangalie."

Mochama akasimama mlangoni. "Hakuna maiti inayotoka bila karatasi ya kompyuta! Rudini kesho."

"Kesho?" Joash alimshika kola, akamsukuma kando kama pazia. "Kesho yako mpe mama yako."

Walimkuta trei ya saba. Alikuwa Risper, na lile kovu la jembe kwenye kifundo cha mguu. Joash hakulia. Alimfunika shuka vizuri, wakamlaza kwenye jeneza, wakampakia kwenye pikapu.

Mochama aliwafuata hadi nje akipunga kalamu. "Sahihi je? Kompyuta bado inasema huyo hayupo!"

"Kama hayupo," Joash alisema akipanda nyuma, "basi sijachukua kitu chako."

Akapiga bodi ya gari kwa kiganja. Dereva akaondoka.