Maji ya Saa Nane

Watu wa upande ule wa Nyansiongo, kwa Wakisii, waliliita ziwa, nasi hatutabishana nao, ingawa mtu mrefu angeweza kulivuka kwa miguu na kofia yake ikafika ng'ambo kavu. Mzungu aliyekuwa na shamba lile ndiye aliyezuia kijito ili watoto wake wapate pa kuogelea. Uhuru ulipokuja akauza, shamba likakatwa viwanja, watoto wakaenda zao na maji yakabaki. Kanisa la Wasabato likayapokea kwa mikono miwili, maana Msabato hanyunyiziwi. Huzamishwa mzima mzima, utosi na vyote.

Mokeira, binti wa Ombati, alifua nguo pale kwa miaka saba na aliyajua maji yale kama anavyojua chungu chake. Januari na Februari yalikuwa vuguvugu, lakini yalikuwa yamepungua hadi magotini, ng'ombe wameyavuruga, na mtu wa kubatizwa humo ingebidi alazwe kama gunia. Aprili mvua ilileta tope jekundu na magogo. Agosti yalikuwa safi na yalifika kiunoni, ila asubuhi yaliuma mifupa. Halafu maji ya kina kifupi hayaweki akiba. Usiku mmoja wa mvua ya mawe huyafanya barafu, na jua likiwaka tangu asubuhi, kufikia saa nane upande wenye mchanga yanafaa kuogeshea mtoto mchanga.

Ndiyo maana Mchungaji Mfinanga, Mpare aliyetumwa huku mwaka ule kutoka Tanzania, alichagua Sabato moja ya Agosti mwaka 1971, ila akaipanga ianze saa mbili asubuhi. Miongoni mwa waliojiandikisha walikuwa Ombati na mkewe Bochaberi, wazazi wa Mokeira.

Ombati hakuwa na neno. Tangu azaliwe hakuna aliyemsikia akipiga chafya. Taabu ilikuwa kwa Bochaberi. Mwaka juzi kichomi kilimlaza hospitalini wiki sita, na daktari akamwambia waziwazi kwamba kifua kile hakitavumilia baridi mara ya pili. Mara mbili ubatizo wake ulikuwa umeahirishwa kwa sababu hiyo, na mara hii alikataa katakata. Jirani yao Nyangate, ambaye ni Mkatoliki, alimtania kwamba kwao angemalizwa kwa matone matatu na kurudi nyumbani na nywele kavu. Bochaberi akamjibu kwamba dhambi zake si vumbi la kupangusa.

Basi Ijumaa Mokeira alimfuata Mchungaji. Kwa juma zima alikuwa akitumbukiza kiwiko majini asubuhi na mchana. Kiswahili chake kilikuwa cha darasa la nne, na njiani alikuwa amekikariri. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Mchungaji, baba iko na kifua mbaya," alisema. "Maji ya asubuhi itamwua. Umweke wa mwisho, mchana, jua ikishapiga maji."

Mchungaji alikuwa mtu mwema. Alimshukuru, akatoa orodha yake na kuandika kitu, na Mokeira akaenda zake moyo mweupe.

Sasa, asiyejua Kikisii inafaa aambiwe hapa hapa, asije akatulaumu baadaye. Kwa Kikisii, baba ni mama. Baba mzazi ni tata. Mokeira alikuwa amemwita mama yake vile alivyomwita tangu alipojua kusema, na Mchungaji akasikia vile Mpare yeyote angesikia.

Usiku ule ikanyesha mvua ya mawe. Asubuhi ukungu ulilala juu ya ziwa na nyasi zilikuwa nyeupe. Mokeira alimwambia mama yake atulie karibu na moto hadi mchana, kisha akaenda kukamua, maana ng'ombe hajui Sabato. Alipokuwa huko, mzee wa kanisa, Abner, akaja nyumbani kusema kwamba Mchungaji amebadilisha mpango, Ombati atangoja mchana, na Bochaberi ataitwa wa kwanza mahali pake. Mama yule hakuuliza mara mbili. Aliyengoja miaka miwili kisha akaitwa wa kwanza huona ni Mungu amemkumbuka.

Mokeira alipofika ziwani na blanketi begani, alimkuta baba yake ameketi ukingoni katika joho jeupe, amekunja mikono na uso. Alinung'unika kwamba ameambiwa akae aote jua kama kifaranga, yeye, Ombati. Mokeira akamuuliza mama yuko wapi. Akamwonyesha kwa kidevu.

Bochaberi alikuwa majini, yamefika magotini, amemshika Mchungaji mkono. Midomo yake ilikuwa tayari inatetemeka, na bado alikuwa anatabasamu.

Mokeira hakuvua chochote. Aliingia mbio na gauni lake la Sabato, wimbo ukakatika.

"Mchungaji, si tata! Ni baba," alisema, akihema. "Baba ndiye mama."

Mchungaji alimtazama Ombati pale ukingoni. Akamtazama Bochaberi. Abner ndiye aliyeangua kicheko kwanza, kisha umati mzima, na katikati ya kicheko hicho mtu akamfasiria. Mchungaji hakucheka. Uso ulimbadilika, akambeba yule mama hadi nchi kavu kwa mikono yake mwenyewe na kumwomba radhi, tena na tena.

Kisha akamgeukia Ombati, akamwambia kwa upole kwamba zamu yake imefika. Ombati akazama na kuibuka kwa ukelele ambao wengi waliudhania kuwa ni haleluya.

Ukungu ukapasuka saa nne, jua likawaka. Saa nane Mokeira alitumbukiza kiwiko upande wa mchanga, akatumbukiza tena kwa kutojiamini. Yalikuwa na joto. Akamwita mama yake.

Mchungaji alisema maneno yake, akamzamisha, akamwinua. Watu wote wakangojea kikohozi. Bochaberi akavuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine ndefu zaidi. Hakuna kilichokwaruza. Mokeira akalia kwa furaha mbele ya kanisa zima bila kuona haya.

Akaja na blanketi wazi, akimhimiza mama atoke upesi kabla upepo haujaanza. Bochaberi hakutoka. Alikuwa amejishusha taratibu hadi maji yakafika shingoni, macho ameyafumba.

"Tangu niolewe nachota maji, natafuta kuni, nayapasha, anaoga mwingine," alisema kwa lugha ya nyumbani. "Haya sikuyapasha mimi. Niache kidogo."

Mchungaji akasogea pembeni na joho lake lililolowa, akangoja. Mokeira akaliweka blanketi juu ya nyasi, akaketi.