Kumfungua Muzee Stanislas

Kwa miaka tisa Séphora alikuwa ameitumikia nyumba ya wazee ya parokia, juu ya kilima kimoja cha Butembo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alikuwa anafanya vibaya. Wazee walikuwa ishirini na wanne, wafanyakazi watatu. Asubuhi aliwaosha kwa maji ya baridi, wote kwa kitambaa kimoja. Aliwalisha bugali wakiwa wamelala, haraka haraka, kwa kuwa wengine walikuwa wanangoja. Wale waliopenda kutembea aliwafunga kitandani kwa ukanda wa kitenge, fundo lisilobana sana. Hakuwa na moyo mbaya. Ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia.

Mwaka 2001, vita vikiwa vimekwisha kuzoeleka, akaletwa muuguzi kutoka Beni, mama mmoja mfupi aitwaye Yolande. Siku ya kwanza hakutoa hotuba. Alikwenda kwenye kitanda cha muzee Stanislas, akamgeuza ubavu, akainua shati. Chini ya mgongo palikuwa na kidonda kipana kama kiganja, na harufu yake ikawafikia waliokuwa mlangoni.

"Mama Séphora, huyu analala hivi tangu wakati gani?"

"Tangu mwezi wa tano. Iko anatoroka. Kila siku anasema anaenda kuvuna kahawa yake kule Mbau. Ukimufungula tu, iko njiani."

"Na kahawa ingali?"

"Basoda balichoma shamba. Ni vita njo ilimuleta hapa."

Yolande akaushika mkono wa Séphora, akauweka kwenye ngozi iliyozunguka kile kidonda. Ilikuwa ya moto kama chungu.

"Hii haiko uzee," akasema taratibu. "Hii ni siye njo tulifanya."

Neno hilo lilimchoma Séphora. Kwa siku mbili hakumsalimu Yolande. Siku ya tatu alimkuta amepiga magoti, anamwosha Stanislas kwa maji ya moto na kumpaka mawese, akamwona mzee amefumba macho kama mtoto mchanga anayeogeshwa. Akavua sweta, akapiga magoti upande wa pili.

Tangu hapo kazi ikabadilika. Wasioweza kugeuka waligeuzwa kila baada ya saa mbili. Kila mtu akawa na kitambaa chake. Wakati wa kula waliketishwa, na aliyekawia kumeza alingojewa. Mikanda ya kitenge ikafunguliwa yote. Baada ya miezi miwili kidonda kilikuwa kimefunga, na Stanislas akawa anazunguka uani ameshika mkono wa Séphora, akimweleza namna ya kuminya punje ya kahawa kujua kama imeiva. Masikio yake yalikuwa yamekufa, kwa hiyo alizungumza peke yake na kucheka peke yake. Séphora naye alicheka. Alianza kuwaona wale wazee kama watu aliokutana nao jana.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi, bomba lilikauka. Yolande alikuwa amekwenda kuomba dawa, mfanyakazi mmoja alikuwa anauguliwa na mtoto, mwingine alikuwa anageuza wagonjwa ndani. Séphora alimkalisha Stanislas kwenye benchi, penye jua.

"Ikala hapa, muzee," alimwambia, akimwonyesha kwa mkono. "Naenda kuteka maji, narudia."

Alishuka mtoni. Wakati anapanda, bidoni la maji mgongoni na kamba kwenye paji la uso, alisikia risasi mbili upande wa barabara ya Beni. Alipofika uani benchi lilikuwa tupu. Akaangusha bidoni, akakimbia.

Stanislas alikuwa amelala kifudifudi hatua chache kupita kamba ya barieri iliyofunga barabara ya Beni. Mkononi alikuwa na gunia tupu alilolitoa jikoni.

"Tulimuita mara tatu," alisema soda mmoja, askari wa barieri, bunduki mkononi. "Alikatala kusimama."

"Hapana alisikia!" Séphora akalia. "Masikio yake ilikufa!"

Soda akageuza uso, akatazama barabara.

Binti wa marehemu, Agar, alifika kutoka Beni siku ya pili, juu ya mizigo ya lori. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu:

"Nani alimufungula baba yangu?"

Yolande alifungua kinywa, lakini Séphora akamtangulia.

"Ni miye."

"Mulinitumia habari kwamba anafungwa, nikanyamaza," Agar akasema. "Angebakia mufungwa, angebakia muzima."

Séphora alitaka kumwambia kwamba kidonda kilikuwa kimepona, kwamba baba yake alicheka. Badala yake akamletea maji ya moto. Agar akamwosha baba yake mwenyewe. Alipomgeuza aliliona kovu la mgongoni, akalipapasa kwa kidole kwa muda mrefu, lakini hakuuliza. Kwa kuwa njia ya Mbau ilikuwa imefungwa na mapigano, walimzika Butembo.

Masera mkubwa, mtawa aliyeisimamia nyumba hiyo, akaamuru wanaotembea wafungwe tena. Yolande alibishana naye siku tatu, akarudishwa Beni. Walikuwa wamebaki wanne wa kufungwa. Séphora alianza na Marie-Jeanne, bibi aliyekuwa anamtafuta mwanawe Paulin kila siku. Bibi mwenyewe akamnyooshea mkono, kwa utii. Séphora akashindwa.

Asubuhi iliyofuata aliwavika wote wanne nguo za Jumapili, akateremka nao polepole mpaka barieri.

"Mama, unatafuta nini na hii bazee?" aliuliza komanda Octave, mtu wa kutoka Kasai.

"Nakuya mubaone. Bakipita hapa, hapana kupiga. Mubakamate tu mukono, munitumie mutu."

"Hatuna ordre ya bakubwa juu ya bazee."

"Lakini sura munaweza kuangalia."

Kabla Octave hajajibu, Marie-Jeanne alikuwa amemwendea soda aliyeketi juu ya jiwe. Séphora alimtambua: ndiye aliyepiga zile risasi. Bibi akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Paulin, ulikonda. Banakupa chakula?"

Soda alijaribu kujivuta, kisha akaacha.

"Kidogo, mama," akajibu.

Octave akakohoa. "Tulibaona. Ubarudishe."

Masera alipopata habari alifoka, lakini mikanda haikuletwa. Mwezi haukwisha, kikosi cha Octave kikapelekwa Eringeti, wakaja wengine wasiomjua mtu. Wiki hiyohiyo mzee mmoja wa wale wanne alitoka na hakuonekana tena, si hai wala maiti.

Séphora alimtafuta siku nne. Siku ya tano alimfunga Marie-Jeanne kilemba, akawashika wale wawili waliobaki, wakaanza kuteremka kilima kwenda barieri, awaonyeshe kwa wale askari wapya.