Samaki Tuliyemwita Shemeji

Kwenye ripoti huandikwa kwamba tunadhibiti samaki wavamizi. Mimi naua samaki. Nimefanya hivyo miaka sita, mvua na jua, na mtu akiniuliza kazi yangu simzungushi. Natia umeme mtoni, samaki wanapanda juu wakitetemeka, mwenzangu anawachota kwa wavu, kisha tunawalaza kwenye turubai na kuwapasua vichwa kwa rungu. Rungu ni lazima. Umeme wetu haumuui samaki, unamzimisha tu, na baada ya dakika chache anazinduka na kwenda zake kama mtu aliyekuwa amesinzia. Mgeni wa kazi hupiga polepole kwa huruma, samaki akamzindukia mkononi na kumng'oa nyama ya kidole. Siku ya pili haji na huruma tena.

Samaki mwenyewe tunamwita mlafi. Aliletwa na watu waliotaka samaki wa kukua upesi, na kukua alikua kweli. Ukimfungua tumbo unakuta samaki wetu wadogo, wale weupe wa kung'aa, wamepangwa humo kama nguo sandukuni, na wakati mwingine mtoto wake mwenyewe kati yao. Mto wote wa chini aliumaliza. Kilichobaki ni ziwa la juu, nyuma ya ukuta wa mawe ambao hawezi kuuruka. Ziwa lile ndilo mahali pa mwisho ambapo wale wadogo bado wanazaa. Wakiingia walafi wachache tu, majike wenye mayai na dume wa kuyarutubisha, basi tena. Nilikuwa nalala na ziwa lile kichwani na kuamka nalo.

Kikosi kilikuwa watu wawili: mimi na Kipara, mwanamume wa makamo mwenye nywele nyingi kuliko zangu, ambaye hakuwahi kueleza jina lile lilitoka wapi. Yeye aliendesha gari na kushika wavu. Mimi nilibeba mashine.

Mashine ni sanduku la betri la mgongoni. Humo hutoka waya unaoburuzwa majini kama mkia, na ufito mrefu wenye pete ya chuma nchani. Kwenye mpini wa ufito kuna kifyatuo. Ukikibana, umeme unapita, ukikiachia, unakatika. Aliyeitengeneza alimfikiria mtu anayeteleza na kuanguka majini: mkono utaachia wenyewe, naye atapona. Hakumfikiria mtu anayebana kifyatuo saa sita mfululizo mpaka vidole vinakakamaa na jioni hawezi kushika kijiko. Kwa hiyo sisi, kama vikosi vyote ninavyovijua, tulikifunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kuzima tulizima kwa kitufe chekundu kilichoko kwenye mkanda wa kiunoni, upande wa kushoto. Mkaguzi akija tunafungua mpira, akiondoka tunaufunga. Ukanda ule niliukata mwenyewe, tena nilichagua tyubu mpya.

Nyumbani sikuwahi kuutaja. Mama alikuwa na hofu na kazi yangu tangu siku ya kwanza, akisema umeme na maji si vitu vya kuwekwa pamoja na mtu mwenye akili. Kila nilipokwenda kumtembelea nilimtuliza mezani, mbele ya kaka, nikiwaonyesha kwa mwiko: hivi umebana, hivi umeachia, na ukiachia tu imekufa. Kaka aliuchukua mwiko akajaribu naye, akabana na kuachia, tukacheka.

Sasa nieleze habari za Shemeji. Walafi hujikusanya kabla ya kuzaa, na kuwasaka mto mzima ni kujichosha. Tulichofanya ni kumkamata dume mmoja mwenye afya, tukamchana ubavuni kidogo, tukamtia kidude cha redio kinachotoa mlio, nikamshona nyuzi tano za bluu, tukamrudisha majini. Baada ya siku chache akaenda kwa wenzake, sisi nyuma yake na antena. Tukawaua wote, yeye tukamwacha akatafute wengine. Kipara alimpa jina la Shemeji kwa sababu kila alikokwenda walimpokea vizuri, hakuna aliyemuuliza ameongozana na nani. Kwa msaada wake tulimaliza makundi kumi na moja. Nilimpenda samaki yule, sioni haya kusema.

Jumanne moja asubuhi akapotea. Tulizunguka na antena kingo zote mbili na hatukusikia kitu. Kipara akasema ameliwa na ndege, kisha akasema betri imekufa, kisha akasema ana njaa. Saa tano tulipandisha vifaa garini turudi ofisini. Tulipofika njia panda ya soko, redio niliyokuwa nimeipakata ikalia.

Samaki hapandi barabara kwa miguu. Nikamwambia Kipara ageuze gari. Mlio ulipofifia tulirudi nyuma, ulipokaza tulisonga mbele. Tukapita mtaa wa mafundi baiskeli, tukapita ghala la saruji, tukakata kushoto kwenye duka la dawa lenye ngazi iliyomeguka. Niliijua njia ile, maana ndiyo niliyopita kwenda shule. Kwenye kona ya mwisho Kipara alinitupia jicho mara moja kisha akatazama mbele, kwa sababu naye aliwahi kula katika nyumba ile na kuongezwa.

Ilikuwa nyumba ya mama, anakoishi na kaka yangu.

Kaka ni mchuuzi wa samaki. Alinizidi miaka kumi, na baba alipofariki yeye ndiye aliyenilea na kunifundisha kuogelea, kiganja chake chini ya tumbo langu mpaka siku aliyokiondoa bila kuniambia. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kando ya tangi la saruji alilojenga baba la kukingia maji ya mvua, lenye kina cha kufika kiunoni. Palikuwa na mapipa sita ya plastiki yenye vifuniko vilivyotobolewa matundu, na pikapu yake ilikuwa imefunguliwa nyuma. Nikachungulia tangini. Walafi watupu, wengi wao majike, matumbo yamefura. Katikati yao alizunguka dume mwenye nyuzi za bluu.

"Wanakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Ziwa la juu."

Hakutafuta hata uongo mdogo. Akaniambia ametega wiki mbili chini ya ukuta kuwapata wazima. Akasema watu wa kule juu wanakula samaki wa kuhesabu miiba, na mimi nazika minofu kwenye shimo la chokaa wao wakitazama. Hilo ni kweli, tunazika, ndiyo amri, ili mtu asizoee kuwala akatamani kuwafuga. Nikamuuliza ameshapeleka wangapi. Akasema bado, hii ndiyo safari ya kwanza, ataondoka sasa hivi. Nikamwonyesha nyuzi zangu ubavuni mwa yule dume. Aliinama akazitazama.

"Kwa hiyo umemtuma samaki anipeleleze, mdogo wangu," akasema.

Nilirudi garini nikachukua rungu. Nilianza na mapipa. La kwanza lilipasuka likamwaga maji na samaki wanne, nikawapiga pale pale kwenye mchanga, kichwa baada ya kichwa, damu ikamrukia kaka suruali. La pili vivyo hivyo. Kaka alinishika ukosi akanitupa kwenye ukuta wa tangi, mdomo wangu ukapasuka. Nikampiga rungu la goti. Akapiga ukelele, akanipokonya rungu, akalizungusha. Lilinipata mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Nilisikia mfupa ukilia ndani, mkono ukaning'inia kama si wangu.

Hatukuwahi kupigana maishani, na nadhani sote wawili tulishtuka. Lakini sikuwa na nafasi ya kushtuka sana. Nilikuwa na hasira ya miaka sita, na hasira ile ilikuwa na raha ndani yake, siwezi kudanganya. Mama akatoka mlango wa jikoni na ungo mkononi, akatuamuru tuache mara moja, kwa sauti ile ile aliyotutumia tulipokuwa tukigombea kitanda.

Kaka akalitupa rungu, akageuka akachechemea kuyabeba mapipa yaliyobaki. Kipara alikuwa ameshaleta mashine mpaka uani, maana ndivyo tulivyozoea: nikishuka, anashusha. Akaninong'oneza tuite polisi. Nikamwambia mpaka polisi wafike, samaki watakuwa wameshaingia ziwani. Akasita. Kisha akanivisha sanduku mgongoni na kunifunga mkanda, kwa sababu mkono wangu haukuweza. Nitamlaumu kwa hilo siku ambayo nitakuwa nimemaliza kujilaumu mimi.

Nikatupa waya tangini, nikashusha pete. Maji yakachemka kwa mapezi. Walafi wakapanda juu wakijikunja, ubavu kwa ubavu, midomo wazi. Kaka alisikia vurugu ile akarudi mbio, goti na yote, akaona majike wake wameelea.

"Kaka, usiingie," nikasema.

Alinitazama usoni. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa na uso ule wa kiganja chini ya tumbo langu.

"Utaachia," akasema, akavusha mguu ukutani.

Nikaachia. Vidole vyote vitano vilifunguka kabla unyayo wake haujagusa maji, nitaapa hivyo popote. Nilisimama na kiganja wazi nikingoja umeme ukatike. Ufito ukatelezea majini kando yake, pete ikamgusa paja, naye akakakamaa wima, meno yameumana, macho yananitazama mimi. Ndipo nikakumbuka mpira. Nikautuma mkono wa kushoto kwenye kitufe na mkono haukwenda. Nikapeleka wa kulia, ukapotea kwenye mikanda. Kaka akaangukia kifudifudi kati ya samaki. Ni Kipara aliyenirukia kiunoni na kukibonyeza.

Tulimtoa. Nilimkandamiza kifua kwa mkono mmoja na uzito wangu wote mpaka ubavu mmoja ukavunjika, Kipara akimpulizia mdomoni. Sijui muda gani. Mama alikuwa amepiga magoti kichwani pake, ungo bado mkononi, mchele umemwagika. Alikuwa akimwita kwa jina la utotoni ambalo sikuwa nimelisikia tangu tulipomzika baba.

Nyuma yetu maji yakapiga kofi. Kisha tena. Nilielewa kabla ya kugeuka. Walikuwa wanazinduka, mmoja mmoja, kama wanavyozinduka siku zote, wakajipindua na kuanza kuogelea. Niliweka sikio kwenye kifua cha kaka nikawasikia wao tu.

Kipara aliuchukua ufito, akautazama mpini, akachomoa kisu chake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mpira si lazima mtu auone, aliyeingia aliingia mwenyewe, na mimi kweli niliachia. Alikuwa na machozi. Nikamwambia auache ulivyo.

Kisha niliokota rungu. Sijui watu wananifikiriaje kwa hili, na sijali. Wangebaki wazima, kuna mtu angewabeba, na kaka angekuwa amekufa bure pande zote mbili. Kipara alichota, tangini na kwenye mapipa yaliyobaki, nikapiga. Niliwaua mmoja mmoja kwa mkono wa kulia, mama akisikia kila pigo, kichwa cha mwanawe kikiwa mapajani mwake. Wa mwisho alikuwa Shemeji. Nilimpiga mara tatu ingawa moja ilitosha, nikakata nyuzi, nikatoa kidude. Kilikuwa bado kinalia kwenye redio.

Askari wawili walifika, mmoja akiandika. Waliniketisha kwenye kigoda cha jikoni, mkono umefungwa kwa kanga. Waliuliza kama nilimtegea, kama nilimsukuma, kama nilijua kuwa yumo majini. Mama alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Mimi niliachia," nikawaambia. "Mpira haukuachia."

Aliyekuwa akiandika akasimamisha kalamu. Lakini aliyeuliza alikuwa mama.

"Mpira gani?"

Nikamwomba Kipara aulete ufito. Nilifungua ukanda mbele ya mama kwa vidole vyangu, ukachukua muda, maana ulikuwa umefungwa vizuri, nikamwekea kiganjani.