Kiti cha Msomaji

"Funga hicho kitabu, wifi. Leo sitaki kusomewa."

"Mstari mmoja tu."

"Hata nusu sitaki. Niachie hizo kamba, nitafunga mwenyewe."

Mama Zaburi hakuziachia. Alikuwa amesimama nyuma ya wifi yake katika chumba cha kubadilishia nguo, Biblia ndogo iliyo wazi ameibana kwapani, mikono yote miwili ikivuta kamba za aproni ambayo juzijuzi ilizunguka tumbo la mwenzake vizuri na leo imegoma. Wanawake wengine walikuwa wanavaa kofia zao za wavu polepole kuliko kawaida. Ugomvi wa mawifi hauna kiingilio.

"Nakwambia kwa faida yako," alisema Mama Zaburi. "Moyo ukitulia, mwili nao hutulia."

"Moyo wangu umetulia tuli. Hii miguu ndiyo haijatulia." Wifi aliinua gauni kidogo. Vifundo vya miguu havikuonekana tena. Mguu ulishuka wima kama mchi mpaka ndani ya kiatu, na kiatu chenyewe hakikuwa na kamba kwa sababu hazikufika. "Mwaka jana ulinisomea hapahapa, nilipokuwa na mimba ya yule wa kwanza. Zaburi nilizisikia zote, wifi. Miguu haikusikia hata moja."

Yule wa kwanza alitoka kabla ya miezi yake, kwenye sakafu ya choo cha kiwanda, na mama yake alirudi kazini kabla maziwa hayajakauka. Tangu hapo hakuna aliyemtaja. Leo alitajwa mbele ya watu, tena kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jirani aliyehama.

"Halafu usinijibu," wifi aliendelea, akizifunga kamba mbele kwa fundo. "Utanijibu nini wewe, na wewe una kiti?"

Hapo palimchoma. Mama Zaburi alifunga kitabu.

Kilikuwa kiwanda cha biskuti. Biskuti zilitoka kwenye tanuri zikiwa moto, zikapita kwenye mkanda mrefu, na wanawake waliosimama pande zote mbili wakazipanga, wakazifunga, wakazitupia kwenye katoni. Zamani walikaa kwenye stuli. Akaja mtaalamu mwenye saa mkononi, akawatazama asubuhi nzima, akasema mtu aliyekaa hufunga pakiti chache kuliko aliyesimama. Kesho yake stuli hazikuwepo. Vitu vya maskini huondoka bila kuaga.

Wakaanza kuanguka. Mmoja alizirai, mwingine akalia mkandani bila sababu, wa tatu akafyatuka na kumtukana msimamizi, akafukuzwa. Waliobaki wakatuma ujumbe ofisini: warudishiwe stuli, na wapewe mapumziko kamili ya mchana. Ofisi ilisikiliza kwa makini sana. Ikasema tatizo ni msongo wa mawazo, na kwa kuwa wafanyakazi wengi ni watu wa Mungu, kutakuwa na kipindi cha Neno la Faraja kila siku. Kipindi kikawekwa ndani ya mapumziko ya mchana. Na kwa kuwa si adabu kutafuna wakati Neno linasomwa, watu walisimama wakasikiliza, kisha wakameza chakula chao mbiombio kama watu wanaokimbia mvua.

Msomaji alikuwa Mama Zaburi. Nani mwingine? Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hakukosa mstari wa kumpa mtu mwenye shida. Ofisi ikampa kipaza sauti na kiti cha plastiki cheupe, ili aonekane na heshima yake. Kwenye ukumbi ule wote hakukuwa na kiti kingine.

Msimamizi alichungulia mlangoni. Walimwita Saa Mbovu, kwa sababu saa yake ilikuwa inawahi mwanzo wa kazi na kuchelewa mwisho wake.

"Nyinyi mmekuja harusini? Mkanda unaanza. Mama Zaburi, unaitwa kwa afisa utumishi."

Afisa utumishi alikuwa kijana safi, umri wa mtoto wake wa kwanza, na alimwamkia vizuri. Shikamoo haikuwahi kumgharimu mtu kitu.

"Marahaba, bosi."

"Mama, leo mchana tuna wageni kutoka makao makuu. Wamesikia habari za kipindi chetu. Wanataka kuona, pengine wakipeleke na kwenye viwanda vingine." Alimsogezea kikaratasi. "Utasoma mstari huu hapa."

Aliuangalia. Aliujua kwa kichwa: lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana. Alikuwa ameupenda tangu ujana wake. Ndio aliokuwa akiusema akipiga deki nyumba za watu. Sasa, ukiwa umechapwa kwenye karatasi yenye nembo ya kiwanda, aliuona kama nguo yake mwenyewe imevaliwa na mtu mwingine.

"Mambo yakienda vizuri," afisa alisema, "mwezi ujao hutarudi mkandani. Tunataka mtu wa kushughulikia faraja, mchana kutwa. Utakuwa na meza yako."

Magoti ya Mama Zaburi yalilisikia neno hilo kabla yake. Meza maana yake ni kukaa. Aliona kabisa vile atakavyofika nyumbani jioni na kupika bila kushikilia ukuta.

"Ahsante, bosi. Na wifi yangu? Yule mjamzito. Nesi wa zahanati aliandika apewe pa kukaa."

"Niliiona barua yake. Haina muhuri wa daktari wa kampuni."

"Daktari wa kampuni anakuja lini?"

"Akija utamwona." Alitabasamu, si kwa ubaya. "Mama, wewe ni mtu mzima. Nikimpa mmoja kiti, kesho wote watashika mimba."

Mama Zaburi alikikunja kikaratasi, akakitia kwenye mfuko wa aproni.

Mkandani alisimama mahali pake, wifi upande wa pili, uso kwa uso. Walikuja kwa miguu alfajiri, kwa sababu nauli ilikuwa imepanda tena na mume wa wifi alikwenda kutafuta kazi mbali na sasa anapatikana kwa simu tu, tena simu yenyewe siku ikitaka. Kelele ya mashine ilikuwa kubwa. Watu walizungumza kwa midomo na nyusi.

Kila siku kelele hiyo ilipoanza kumla kichwa, Mama Zaburi alikuwa na dawa yake. Alichukua mstari mmoja na kuupanga na mikono: neno moja, pakiti moja. Haukuwa mchezo. Siku alipopata habari kwamba mama yake amefariki, Saa Mbovu akimwambia amalize zamu kwanza, ni maneno hayo yaliyomshika asianguke ndani ya tanuri. Wifi angeweza kumcheka, lakini kulikuwa na siku kitabu kile kilikuwa ndio mkono pekee uliomshika begani.

Leo aliyaita na hayakuja. Kila alipoanza, alisikia: na wewe una kiti.

Badala yake akaja mama yake. Mama yake hakujua kusoma. Habari za Biblia alizisikia kanisani na kuzisimulia jikoni, kwa mkato, kama mtu anayesimulia mambo ya ukoo. Aliyependa kumsimulia kuliko wote ni Eliya. "Kakimbia, kachoka, kakaa chini ya kichaka, kamwambia Mungu basi, niue. Nabii mzima! Sasa nyie na mahubiri yenu mngemwambia nini? Mngemwambia aongeze imani. Malaika hakumhubiria. Alimwokea mkate, akamwekea maji, akamwambia inuka, ule. Akala, akalala tena. Akamwamsha, akamlisha mara ya pili. Ndipo safari ikaendelea. Mungu anajua mtu ni tumbo na miguu, maana ndiye aliyeviumba."

Mama Zaburi aliinua macho. Wifi alikuwa ameweka kiwiko kwenye ukingo wa mkanda, jambo lililokatazwa, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Biskuti zilimpita bila kuguswa.

"Upo?" aliuliza kwa mdomo.

"Nipo," wifi akajibu vilevile. Kisha akashika tumbo kwa chini, kwa kiganja kizima, kama mtu anayezuia mlango.

Mama Zaburi alizikusanya biskuti zake na za mwenzake mpaka kengele ikalia.

Wageni walikuwa watatu, wamevaa kofia mpya za wavu zilizowafanya wafanane na watoto wachanga. Afisa aliwapanga karibu na tanuri lililozimwa. Wafanyakazi walisimama kwenye mistari, makopo ya chakula mikononi, vifuniko vimefungwa. Kiti cheupe kilikuwa mbele. Mama Zaburi aliketi, na kwa kweli miguu yake ilimshukuru. Hilo hakuweza kulikana. Akashika kipaza sauti.

"Lo lote mfanyalo," alianza.

Wageni wakaitikia kwa vichwa. Afisa akatabasamu. Katika mstari wa pili wifi alikuwa amefumba macho, si kwa sala. Alikuwa anayumba, mbele na nyuma, kidogo tu, kama nguo kwenye kamba. Kopo lake lilikuwa limebanwa kifuani na jasho lilikuwa linamtoka katika ukumbi uliokwisha kupoa.

Mama Zaburi alishusha kikaratasi. Akaona mambo mawili kwa pamoja, bila ukungu wowote: meza yake ya mwezi ujao, na sakafu ya choo.

"Msomaji," afisa alinong'ona. "Endelea."

"Naendelea." Akakirudisha kikaratasi mfukoni. "Ndugu zangu, neno la leo ni fupi. Kulikuwa na mtu amechoka mpaka anaomba kufa. Mungu akamtumia malaika. Malaika hakumhubiria, alimpa chakula, akamwambia inuka, ule, akamwacha apumzike. Hilo ndilo neno lenyewe. Fungueni makopo mle."

Hakuna aliyefungua. Walimwangalia yeye, wakamwangalia Saa Mbovu. Bibi mmoja nyuma, aliyebakiza meno machache na muda mchache, alisema, "Amina, mimi namtii malaika," akafungua lake. Hapo vifuniko vikaanza kulia kimoja kimoja. Hakuna aliyepiga makofi. Walikula kwa haraka, vichwa chini, maana walijua saa ya nani inahesabu.

Mama Zaburi aliweka kipaza sauti sakafuni. Akainuka, akakishika kiti kwa mgongo wake, akakibeba katikati ya mistari. Hakikuwa kizito. Kitu kilichoishinda ofisi nzima kukibeba kilikuwa chepesi kama ungo.

"Kaa," alimwambia wifi.

"Wifi, watakufukuza."

"Nimesema kaa. Utanisema ukishashiba."

Wifi alikaa. Kiti kikalia kidogo chini yake. Alitoa pumzi ndefu iliyokuwa ndani tangu alfajiri, na Mama Zaburi akapiga goti, akamvua vile viatu visivyo na kamba, akamfungulia kopo.

"Inuka, ule," wifi alisema, na sauti ilikuwa karibu na kicheko. "Mwenzio nimekaa."

"Kula, mjinga wewe."

Afisa alikuwa amewageuza wageni, anawaonyesha katoni. Mmoja wao aliuliza kama hicho nacho ni sehemu ya kipindi. Alijibiwa kitu, hakikusikika.

Kengele ililia mapema, kama ilivyotarajiwa. Watu walifunga makopo yenye chakula nusu, wakarudi mahali pao. Wengine walipita karibu na kile kiti bila kukitazama, kama watu wanaopita penye ajali. Mama Zaburi hakuwalaumu. Kila mmoja ana watoto wake. Alimsukuma wifi akiwa ameketi, kiti na mtu, miguu ya plastiki ikikwaruza saruji, mpaka ukingoni mwa mkanda. Yeye akasimama nyuma yake, akakaza vidole kwenye mgongo wa kiti.

Saa Mbovu alikuja na mlinzi wa geti. Hakuwa na hasira. Alikuwa na kazi.

"Kitambulisho chako nakihitaji, mama. Ofisini wanakusubiri. Na hicho kiti kinarudi kilikotoka."

Alijua yatakayofuata. Kesho hatafika hapa, na keshokutwa labda wifi naye hatafika, na kiti kitarudi kumngoja msomaji mwingine, naye atapatikana. Nyumbani ataulizwa imekuwaje, na hatakuwa na la kusema ambalo linapikika. Alikivua kitambulisho shingoni kwa mkono mmoja, akamkabidhi. Mkono wa pili haukutoka mahali pake.

Mkanda uliguna, ukaanza kwenda. Biskuti za kwanza zilifika. Wifi akanyoosha mikono, akaanza kuzipanga, amekaa.

"Kiti, mama," Saa Mbovu alisema.

"Kina mtu," alijibu Mama Zaburi.