Nyayo Zisizokauka

Mwaka ule wa mvua za El Nino, Esnah alikuwa amechuchumaa uani kwake Tabaka, akisugua kinyago cha kiboko cha jiwe la sabuni kwa msasa uliolowa, mumewe alipotoka chooni akashindwa kufika mlangoni. Makori alikuwa mchongaji mwenye mikono kama makasia. Alikaa chini kwenye matope, akamwambia mkewe, "Mama, nipe maji." Alipokwisha kunywa, yote yalimtoka.

Esnah alipotazama chini aliziona nyayo. Zilikuwa za viatu vya kisigino kipana, soli yenye nyota, nazo ziliishia pale alipoketi Makori. Jua lilikuwa linawaka, lakini zilikuwa mbichi.

Hakushtuka. Kwa jirani yao Josiah, aliyezikwa Jumapili, zilikuwapo. Kwa Persis, jirani mwingine, pia. Ndivyo kilivyokuwa kipindupindu cha mwaka huo: kilipoingia bomani kilitembea kwa miguu ya yule aliyekileta, na nyayo zake hazikukauka. Watu waliziruka wakienda kuchuma chai. Kuku walikunywa humo.

Aliyetaka kuzifuata angezifuata. Zilitoka kila mlango hadi kwenye chemchemi, zikapanda mteremko, zikaishia kwenye mdomo wa bomba lililotokeza chini ya ua wa Diwani Onsongo. Diwani alikuwa amejenga nyumba ya kwanza yenye choo cha ndani katika kijiji kile, na alikuwa amerudi kutoka semina Mombasa na viatu vipya.

Lakini kijiji kilisema ni Esnah. Ndiye aliyekuwa akibeba vinyago kwenda kuviuza Nairobi, akilala kwa watu wasiojulikana. Makori alipokata roho, mama yake, Bochaberi, alilia hadi sauti ikakauka, na wakwe wengine wakamzuia Esnah asikaribie kaburi. Alimzika mumewe kwa macho, akiwa amesimama migombani, kanga mdomoni.

Wizara ya Afya ilimtuma Mitali, binti wa Kirit mwenye duka la vitambaa Kisii mjini, ambaye alikuwa amesomea mambo ya maabara. Alichukua sampuli za choo cha wagonjwa, akachukua na za Esnah, akazipeleka Nairobi ndani ya sanduku la barafu. Aliporudi alikwenda kwanza kwa Esnah.

"Dada, wewe huna kitu," alimwambia. "Tumelinganisha vinasaba vya vijidudu. Hiki cha hapa ni pacha wa kile kilichowaambukiza wasafiri Mombasa mwezi jana. Nairobi hakipo."

"Nyayo zilishasema, daktari."

"Najua. Nimekanyaga moja nikija."

Chifu aliitisha baraza. Kila wiki alikuwa akiwahimiza watu wafuate nyayo za Rais, na siku hiyo alihimiza tena, miguu yake ikiwa pande mbili za mfululizo wa nyayo za nyota zilizokatiza uwanja. Mitali alieleza yote kwa Kiswahili, mzee mmoja akitafsiri kwa Ekegusii. Watu walitikisa vichwa kukubali.

"Mimi sikuumwa hata kichwa," alisema Diwani Onsongo.

"Mheshimiwa, mtu anaweza kukibeba asiugue. Kinatoka kwa choo, kinapita kwa bomba, kinaingia chemchemi. Hilo bomba lizibwe leo."

"Daktari, tumekusikia," chifu alisema. "Ila hapa aliyesafiri ni huyu mama."

"Na diwani?"

"Diwani alikwenda semina."

Hakuna aliyecheka. Diwani akaahidi mbao za majeneza kwa kila familia, akapigiwa makofi. Mitali alilibeba sanduku lake tupu hadi barabarani.

Mwisho wa mwezi wakwe walimwambia Esnah arudi kwao Nyamira. Alifunga nguo zake kwa shuka, akaacha msasa, patasi za mumewe na vinyago visivyokwisha. Bochaberi alimsindikiza hadi kwenye ua, mtungi mkononi, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Mwanangu," alisema mama mkwe, bila kumtazama. "Najua si wewe."

Esnah alimgeukia. "Basi waambie, mama. Wewe ndiye uliyemzaa. Wewe watakusikia."

Bochaberi aliuhamishia mtungi mkono wa pili.

"Nikiwaambia, nitachota maji wapi? Chemchemi iko kwenye shamba la diwani."

Esnah alitaka kumwambia asiyanywe, walau ayachemshe, lakini kuni zote zilikuwa zimelowa tangu mvua zianze, na wote wawili walilijua hilo. Aliinama, akaugusa mkono wa mama mkwe wake. Kisha akashika njia ya Nyamira.

Bochaberi alimtazama hadi alipopinda kwenye kona ya mashamba ya chai. Akajitwika mtungi, akaziruka nyayo, akateremka chemchemini.