Mistari Miwili Inayofanana

Tulimwita Mfagio kwa sababu alipenda kufuta msimbo wa kompyuta kuliko kuuandika. Siku hiyo alikuwa akisafisha kiini cha mfumo unaoendesha mashine za wodini, sehemu inayogawa kumbukumbu kwa programu zinazoitumia kwa pamoja. Akakuta mistari miwili inayofanana, kila mmoja ukiongeza moja kwenye hesabu ya wanaotumia nafasi moja ya kumbukumbu.

"Nani kaandika hivi, kasuku?" Akacheka, akafuta mmoja.

"Acha hapo!" nikamfokea. "Mmoja ni wa mashine inayompima mgonjwa, mwingine ni wa skrini. Mashine ikikatika kidogo tu, mfumo utadhani nafasi ile haina anayeitumia. Utampa mgonjwa mwingine nafasi hiyo, na skrini ya wa kwanza bado inaisoma!"

"Majaribio yote yamepita, bwana. Wewe una woga wa kunguru."

Bosi wetu akapitisha kazi yake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mfumo mpya ulikuwa umeshawekwa wodini mama yake Mfagio alipolazwa. Nikaenda kumjulia hali. Nilimkuta Mfagio kando ya kitanda, macho kwenye skrini, ametulia tuli.

"Mama kalala fofofo," akaninong'oneza. "Ona moyo unavyodunda vizuri."

Nikamshika mama mkono. Ulikuwa wa baridi kama sakafu.

Katika kitanda cha jirani, mzee mmoja akakohoa kwa nguvu. Kwenye skrini ya mama, mstari wa moyo ukaruka.