Mama Cubaka na Mwaka wa Finlandi

Mwaka ule Mama Cubaka aliuishi Finlandi, ingawa kitanda chake kilikuwa Black Rock, Buffalo, na kazi yake ilikuwa Cheektowaga, katika ghala la nguo. Aliyekuwa Finlandi hasa ni mwanawe. Vita vya Kivu viliwatenganisha. Mtoto akafika kambini Uganda na baba yake mdogo, na kutoka kambini wakapelekwa Ulaya. Mama na binti yake Chimène walipita njia nyingine, wakatua Amerika. Ikapita miaka kumi na miwili ya simu. Kisha, sikukuu ya Mwaka Mpya, Cubaka akasema, "Mama, nimekuwa raia. Desemba nitakuja kukuona."

Tangu hapo mama akaanza kujifunza nchi ya mwanawe kama mtu anayejiandaa kubatizwa. Januari alijua jua la Turku, mji wa mwanawe, linazama saa ngapi. Februari aliwatangazia wanakwaya wenzake kwamba wiki ile watoto wa Finlandi hawaendi shule, wanateleza kwenye theluji. Mei mosi aliona kwenye simu watu wazima wamevaa kofia nyeupe za wanafunzi, wanakunywa bustanini, akawatetea: hawajalewa, ni sikukuu. Juni, jua la huko lilipokataa kulala, alifika kazini Cheektowaga akipiga miayo na kulalamika kwamba mwanga umemchosha. Kanisani wakaanza kumwita Balozi, naye hakuona kwamba ni mzaha.

Alichokipenda zaidi ni habari alizotuma Cubaka mwenyewe.

"Huku ni kimya, Mama," alisema. "Kwenye basi kila mutu na kiti chake. Hakuna mutu anakuja kwako bila kupiga simu. Ukisema hapana, njo hapana. Hawakuulize tena."

Mama aliyapokea maneno hayo kama asali. Wanawake wa Kivu wa mtaani kwake, waliozoea kuingia bila hodi na kufunua sufuria wakiwa bado na makoti, wakaanza kumtia aibu. "Mupige simu kwanza," aliwaambia. "Mutoto wangu amezoea adabu." Chimène, aliyekuwa akisoma chuoni, alimwambia kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida yake, kwamba kaka yake ni mtu, si nchi. Mama alimwuliza kama amekula.

Novemba, wifi yake Gaudiosi alipiga simu kutoka Louisville.

"Wifi, tunakuja na gari mbili. Ngoma tuko nayo."

"Bon, wifi, usikasirike. Musikuje. Watu wa Finlandi hawapendi kushtukizwa."

"Watu gani? Huyo mutoto si nilimubeba mgongoni mimi!"

"Njo vile, wifi. Sasa ni mutu wa kimya."

Gaudiosi akakata simu, naye akawa mtu wa kimya hadi Desemba.

Cubaka alishuka Buffalo na koti jepesi, kwa sababu Turku alikotoka ilikuwa inanyesha mvua tu, akakuta theluji ya kwa mama yake imefika magotini. Kwenye uwanja wa ndege hapakuwa na vigelegele, wala kwaya, wala ua. Alipomwona mama yake alifungua mikono yote miwili. Mama, ambaye moyo wake ulikuwa unampiga kama mchi kwenye kinu, alikumbuka mafundisho ya mwaka mzima, akasimama mbali kidogo, akampa mkono.

"Karibu, Cubaka," alisema.

"Asante, Mama," alijibu Cubaka, akashusha mikono.

Nyumbani sombe ya majani ya mihogo ilikuwa tayari, na samaki, na unga wa fufu karibu na jiko. Mama alimketisha, akamwuliza, "Utakula?"

"Hapana, Mama. Niko sawa."

Kwao, mgeni aliyelelewa vizuri hukataa chakula mara ya kwanza. Mara ya pili husitasita. Mara ya tatu hunawa mikono. Cubaka alikataa mara ya kwanza, akangoja. Mama naye alisikia hapana, na hapana ya Finlandi ni hapana. Akafunika sombe kwa huzuni, akamwekea mkate mweusi na jibini, vitu alivyovitafuta dukani kwa bidii, kisha akaenda chumbani ili asimsumbue. Chimène alipotoka chuoni alimkuta kaka yake akitafuna peke yake huku akitazama dirishani.

Siku zilizofuata zikawa hivyohivyo. Hakuna jirani aliyekuja, kwa kuwa walikatazwa. Mama alitembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe, akifurahi jinsi mwanawe alivyotulia. Mwishoni mwa wiki Cubaka akasema, kwa upole mwingi, kwamba angependa kusalimu binamu zake wa Columbus kidogo. Kule Columbus wakamtia garini hadi Louisville.

Kisha simu ya Gaudiosi ikaja.

"Wifi! Ulimunyima mutoto chakula?"

"Mimi? Alisema hapana!"

"Nawe ukamusikia? Tangu lini mutoto wetu akisema hapana umusikie? Amefika hapa kama mutu ametoka kufunga. Anasema labda mama yake hamutaki. Donc anataka kubadilisha tikiti, atoke moja kwa moja hapa Louisville, arudi kwake."

Mama alikaa chini. Alijaribu kukumbuka kama kuna mahali aliposoma la kufanya likitokea jambo kama hilo. Kisha akainuka.

"Chimène! Vaa koti. Tunaenda Louisville."

Chimène akauliza kwa nini wasipige simu kwanza.

"Nimesema koti, sijasema simu!"

Waliondoka asubuhi, wakafika jioni. Mama hakubisha hodi. Sebuleni kwa Gaudiosi televisheni ilikuwa inapiga kelele, kwaya ilikuwa inajaribu nyimbo za Noeli, binti mmoja alikuwa anasukwa nywele, na katikati yao Cubaka alikuwa na sahani ya fufu mapajani.

"Cubaka!" mama aliita, kwa sauti ya soko la Kadutu kule Kivu, na kabla hajajibiwa alikuwa amemkumbatia, sahani na yote.

"Mama," alisema Cubaka, mchuzi ukimchuruzika kwenye shati, "kumbe unajua kukumbatia?"

"Nilikuwa nafanya kama kwenu! Mwaka muzima najifunza! Si wewe ulisema kule ni kimya, hakuna mutu anakuja?"

"Nilikuwa nalalamika, Mama."

Mama alimtazama usoni. "Kulalamika gani huko? Bila hata kulia?"

"Kule njo tunalalamika vile."

Gaudiosi alicheka mpaka akashika ukuta. Akaamuru sahani nyingine, na godoro, na kwaya iimbe upya kwa ajili ya wifi yake. Cubaka alimvuta mama yake kwenye korido, akainama sikioni mwake.

"Tunarudi Buffalo lini?"

"Kwani hapa hupendi?"

"Napenda, Mama. Lakini nalala na watoto watatu na mwalimu wa kwaya. Nikiingia chooni shangazi anagonga aniulize kama nimeshiba. Tangu nifike sijasinzia. Tikiti sijaibadilisha. Niko na wiki nzima bado."

Mama akaweka mkono mdomoni, maana kucheka kwa sauti kungemuudhi mwenye nyumba. Gaudiosi aliudhika hata hivyo. Aliwaita wasio na shukrani, akawafungia mihogo na nyama ya mbuzi ya kutosha kijiji, akasimama mlangoni akiwapungia mkono hadi gari lilipokata kona.

Chimène aliendesha. Mama na Cubaka walikaa kiti cha nyuma. Theluji ilianza kuanguka, nyepesi. Mama alikuwa amejaa maneno ya miaka kumi na miwili, lakini hakujua aanze na lipi, wala kama inaruhusiwa.

"Niseme ao ninyamaze?" aliuliza mwishowe.

Cubaka alilaza kichwa begani mwake. "Sema, Mama. Nikisinzia, usiache."

Basi akaanza tangu mwanzo kabisa, na mashamba, na majirani, na baba wa Cubaka alivyokuja kuposa. Walipoipita Columbus, alikuwa bado hajamzaa.